Tembo wa Marumaru

"Kware, unanipata?"

"Nakupata."

"Usimguse mtu mpaka mzigo ubadilishe mikono. Tunawataka wote wawili."

Ragini Lodhi, Kware kwa jina la kazi, aliuvuta ushungi ukaficha kipokezi sikioni. Chini ya shali, bastola yake ya Glock 19 ilimgusa ubavu.

Mashua iliingia kwenye korongo la Bhedaghat. Kuta za marumaru zilisimama pande zote mbili, na Mto Narmada ukatulia tuli kama umelala. Watalii walipiga picha. Ragini hakutazama mawe.

Alitazama migongo miwili mbele yake.

Wa kulia alikuwa Sudhir Khare, mhandisi wa kiwanda cha silaha mjini Jabalpur. Wa kushoto alikuwa mgeni aliyejiita Brandt. Sudhir alikuwa ameiba kifaa kidogo kuliko ukucha, kinachoongoza kombora. Brandt alikuja kukinunua.

Nyuma, Mukund alipiga makasia huku akiwachekesha abiria kama kawaida yake.

"Huku marumaru nyeupe, kule nyeusi tititi! Bwana aliyemleta mkewe hapa, leo hapigwi kwa kiti!"

Watu waliangua kicheko. Ragini naye akacheka, akijifanya hamjui.

Mukund alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Brandt alikuwa amepanda mashua yake mara mbili wiki ile, na Ragini ndiye aliyemwomba awe macho yake.

"Kwa hiyo na mimi ni jasusi, dada?" Mukund alikuwa amemuuliza kwa furaha. "Nitanunua miwani!"

Walikubaliana neno moja tu. Mzigo ukionekana, aseme *tembo*.

Sudhir alifungua mkoba. Akatoa kinyago kidogo cha tembo wa marumaru, kama vile vinavyouzwa barabarani.

"Tazameni jiwe lile juu," Mukund akaimba. "Mkonga, masikio... si tembo yule?"

Brandt aligeuka taratibu.

"Jana hukusema tembo."

"Jana alikuwa amelala, bwana mkubwa."

Hakuna aliyecheka.

Bastola yake ya Walther ilikuwa tayari imekandamizwa kwenye tumbo la Mukund.

Abiria walipiga mayowe. Ragini alijifunika mdomo kwa ushungi, kama mwanamke aliyeshikwa na hofu.

"Amemwekea ndugu yangu bastola. Naomba ruhusa."

"Ameshapokea?"

"Bado. Mkuu, nakuomba."

"Subiri."

Macho ya Mukund yalikutana na yake. Kisha akayaondoa upesi, akaangalia maji, asije akamfichua dada yake.

Ragini akasubiri.

"Lete!" Brandt alifoka. Sudhir akanyoosha mkono. Kinyago kikapita kutoka kiganja hadi kiganja.

"Sasa, Kware."

Ragini alifyatua. Risasi ilimpata Brandt begani.

Lakini milio ilikuwa miwili.

Mukund alianguka mtoni bila kelele. Kinyago nacho kiliteleza ukingoni, kikazama. Ragini angeweza kudaka kimoja tu. Akajitosa kwa ndugu yake.

Alimkuta, akamwinua, akamkumbatia mwambani.

"Dada," Mukund alinong'ona, akijaribu kutabasamu. "Nilisema vizuri?"

"Vizuri sana, baba."

"Basi usilie mbele ya abiria wangu."

Hakusema tena.

Mashua za polisi zilifika. Brandt na Sudhir walitiwa pingu. Wapiga mbizi waliibuka na tembo, kifaa kikiwa ndani yake.

"Kazi safi, Kware," sauti ilisema sikioni. "Delhi wamefurahi."

Ragini alichomoa kipokezi, akakitupa mtoni.

Wapiga makasia wenzake Mukund walimfunika kwa shuka jeupe. Ragini aliinama, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Kisha akapanda ngazi za mawe, nguo zikimchuruzika maji, uso mkavu. Askari waliokuwa njiani walimpisha wenyewe.

Konstebo mmoja alimkabidhi simu aliyokuwa ameiacha kwenye gari la polisi.

"Imelia sana, afande."

Ilikuwa inalia bado. Akapokea.

"Ragini? Mukund hapokei simu. Nimekaanga jalebi tamu, zinapoa. Niendelee kumpigia?"

Ragini alifika kwenye pikipiki yake, Royal Enfield nyeusi. Akaipanda.

"Usimpigie tena, Mama," alisema. "Nakuja mwenyewe."