Bunduki Iliyojinadi

Bunduki haikuwa imefyatuliwa tangu Patrisi azikwe. Lakini mjane wake, Bernadina, alipofungua gunia juu ya meza ya fundi Tluway, chumba kizima kilinuka baruti mbichi.

Tluway akapiga chafya, akacheka. Alikuwa amezitengeneza bunduki za watu kutoka Nairobi hadi Beira, akarudi Karatu na vitu viwili tu: kitambi na maneno mengi. Mwaka ule wa sabini na nane, uwindaji uliporuhusiwa tena, wenye bunduki za zamani waliacha kumtania, wakaanza kumtafuta awaambie wana nini na kina thamani gani.

Hii ilikuwa na mitutu mitatu: miwili ya marisau, zile punje ndogo za kuwindia ndege, imelala sambamba, na chini yake mmoja wa risasi.

"Mama Hyasinta, hizi ni bunduki mbili zimeoana," alimwambia Bernadina, akimwita kwa jina la mwanawe.

Bernadina hakucheka. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba bunduki hiyo husema. Ukungu ukishuka kwao Mbulumbulu, mtutu wa chini huomba utajiwe bei. Patrisi alitaja, kwa utani tu. Wakamkuta shambani amekufa, hana jeraha, kinywa kinanuka baruti. Mnunuzi mmoja wa Rhotia naye akataja, wakamzika. Sasa inamwita yeye, kwa jina ambalo marehemu mumewe alimwitia chumbani, na jana ulimi wake ulikuwa umeshaanza kutamka bei.

Tluway akaelewa. Mnadani Karatu hata mtoto anajua: ukishataja bei, umeshika kamba ya ng'ombe, hurudi nyuma. Na yeye kazi yake ni kutaja bei.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukaingia mlangoni kama mgeni aliyealikwa, ukafunika meza, nyundo moja ya bunduki ikajivuta yenyewe taratibu, kacha, kisha ya pili, na ndani ya ule mtutu wa chini, ambao alikuwa ametoka kuuchungulia akaona mwanga upande wa pili, ikatoka pumzi ya moto yenye harufu ya baruti na udongo wa kaburi, na sauti ya Patrisi ikasema, "Taja bei, fundi."

Tluway akaegemea meza.

"Tangu lini mnunuzi akaanza?" alisema. "Mwenye mali ndiye hutaja kwanza. Sema wewe."

Sauti ikajibu kwa majivuno: "Ng'ombe mia. Mimi ni chuma cha kusokotwa, cha bwana mkubwa wa Kijerumani."

Tluway akachukua kitambaa chenye mafuta na msasa, akausugua ule mtutu. Ile michirizi ya msokoto iliyoonekana juu ya chuma ikatoka, ikabaki kwenye kitambaa.

"Umepakwa rangi," alisema. "Na jina la mtengenezaji hapa ubavuni limekosewa herufi. Halafu mhuri ni wa Ubelgiji. Mjerumani gani?"

"Ng'ombe kumi."

"Bawaba imelegea."

"Ng'ombe mmoja."

"Kitako kimeliwa na mchwa."

"Mbuzi." Sauti haikuwa tena ya Patrisi, ilikuwa nyembamba kama ya mbu.

Tluway alianza kunogewa, na hapo ndipo alipotaka kuangamia, maana mdomo uliozoea mzaha ulikwisha kufunguka useme "kuku", na hiyo ingekuwa bei. Bernadina akauziba kwa kiganja.

"Basi," bunduki ikanong'ona, "nichukueni bure."

Bernadina akainama hadi kwenye mdomo wa mtutu.

"Hata bure hatukutaki."

Nyundo zikaanguka zote mbili bila mlio. Ukungu ukatoka. Ikabaki harufu ya kutu.

Fundi akaikata bunduki kwa msumeno wa chuma. Mitutu, Bernadina aliisimika katikati ya maharage yake, akaitundikia matambara ya kufukuzia ndege. Upepo ukipita, midomo miwili ya juu hupiga mluzi, na ule wa chini hulitamka lile jina la chumbani.

Bernadina hainui kichwa.

"Sikutaki," husema, na jembe linaendelea.