Neno Alilokosea Kamusi

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare, nilifagia maranda katika karakana ya mama. Mama ni fundi seremala, na viti vyake havina msumari hata mmoja. Huchonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ule, akavigonga vikashikana. Alifundishwa na babu, naye babu alifundishwa na baba yake. Lakini siku hizi watu wanajinunulia viti vya plastiki, na kazi ilikuwa imekauka kabisa. Mama alishasema mwezi ukiisha hivihivi, atauza randa na patasi zake akatafute kibarua kiwandani.

Ndipo chuo kimoja kikatangaza kwamba kinataka viti arobaini vya maktaba. Maombi yaandikwe kwa Kiingereza.

"Hiyo kazi yako, Kamusi," mama akaniambia. Kamusi ndilo jina nililopewa darasani, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa ajili yake. "Andika kwamba tunafuata njia za tangu enzi na enzi, njia zinazoheshimika. Kisha mwonyeshe mwalimu wako."

Neno la Kiingereza la njia hizo sikulijua. Nilijua *outdated*. Niliwahi kulikuta kwenye habari za mambo ya zamani, nikaona litatosha. Kumwonyesha mwalimu? Kamusi mzima aulize neno? Thubutu!

"Mwalimu ameipitia barua?" mama akauliza.

"Ameipitia, mama. Kasema iko sawa."

Baada ya wiki jibu likaja. Nilimsomea mama kwa Kiswahili: "Umetueleza mwenyewe kwamba njia zako zimepitwa na wakati. Hatutahitaji viti vyako." Nilijua papo hapo kosa ni langu, nikajitia hamnazo.

"Labda ni kweli," mama akasema. "Labda nimepitwa."

Kuanzia siku hiyo hakugusa ubao. Alikaa akizipaka patasi mafuta, moja baada ya nyingine, apate kuziuza. Nikimsalimia aliitikia kwa mbali. Siku ya tatu nilimfuata mwalimu wa Kiingereza nikamweleza yote huku nalia.

"Neno ulilotaka ni *time-honoured*," alisema. "Yaani, kilichoheshimiwa kwa muda mrefu. Halisemwi kwa mtu wala kwa kiti chenyewe. Husemwa kwa desturi, au namna ya kufanya jambo. Ulichoandika wewe ni tusi kwa kazi ya mama yako. Kuuliza si ujinga, Kamusi."

"Nisaidie nimwambie, mwalimu."

"Hilo utalisema mwenyewe."

Nilimwambia mama nikiwa mlangoni pa karakana. Nilisema nilikosea neno, na kwamba mwalimu hakuiona ile barua. Mama aliweka patasi chini. Hakunigusa, hakunigombeza. Alibeba kiti kimoja, akaniambia nimfuate.

Chuoni, mkuu wa maktaba alinisikiliza nikieleza kosa langu mwanzo hadi mwisho. Akakipindua kile kiti, akapapasa kila kiungo akitafuta msumari.

"Hamna," mama alimwambia.

"Naona," mkuu wa maktaba akajibu. "Lakini thelathini nimeshaagiza kwa mwingine. Vimebaki kumi vya chumba cha kusomea. Utaviweza?"

Mama aliviweza. Viti kumi si arobaini, ila patasi hazikuuzwa.

Tukirudi nyumbani nilimwomba radhi tena, nikasema sikulijua lile neno.

"Kutojua neno si kosa, mwanangu," akasema. "Hata mimi silijui. Kosa lako ni kuona aibu kuuliza, kisha ukanidanganya. Siku tatu nzima nimeamini kwamba alichonifundisha baba yangu hakina maana. Na wewe ulikuwepo hapo, unajua si kweli, unanitazama."