Mgongo Hauchukuliwi kwa Kadi

Mama Nyandeng alikuwa amelala chali kama maiti anayesubiri mahubiri. Kiunoni alijifunga leso mbili, moja juu ya nyingine. Hiyo ilikuwa wiki ya kumi na nne tangu mgongo uanze kuuma.

Mgongo wake ulimchanganya. Jirani mmoja alisema, "Usitikisike, utakatika." Mwingine alisema akandwe kwa mafuta ya kondoo. Picha ya eksirei aliyopigwa Lodwar haikuonyesha mfupa uliovunjika. Hilo ndilo lililomchanganya kabisa. Kama hakuna kilichovunjika, mbona kinauma?

Na Krismasi ilikuwa imebaki miezi mitatu. Kila mwaka yeye ndiye aliyebeba msalaba mrefu mbele ya maandamano, kutoka kanisani hadi ng'ambo ya laga, mto mkavu wa mchanga. Mwaka huu wazee wa kanisa walimtaja Yar aubebe. Yar! Mtu anayetembea kama bata mchangani!

Mwezi uliopita, Sista Chepkemoi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwandikisha katika kundi la wenye maumivu ya mgongo. Nyandeng alikubali vizuri. Kisha akampa mumewe, Malek, kadi ya kliniki.

"Nenda unichukulie."

Malek hakuona ajabu. Hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mahindi ya mgao huchukuliwa kwa kadi, na sabuni pia. Mgonjwa hupumzika, mtu wa nyumbani hupanga foleni. Malek akaenda mara nane.

"Leo nimekuchukulia daraja kumi na paka kumi," alisema jioni moja, akitokwa na jasho.

"Paka? Wako wapi?"

"Ni jina la zoezi. Nimewafanya kwa mgongo."

Mwezi ulipoisha, Malek alikuwa akibeba mitungi miwili ya maji huku akiimba. Nyandeng hakuweza hata kufunga kiatu.

Ijumaa Chepkemoi akabisha hodi.

"Ejok, Mama?" alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Lakini Sista, dawa yako imepotea njia. Imemwingia mzee."

"Nimeiona. Leo nimepita kundini nikaita jina la Nyandeng. Mzee mwenye ndevu akainua mkono."

Malek akatazama paa.

Chepkemoi alicheka mpaka akakalia mtungi. Kisha akasema taratibu, "Mama, mahindi utachukuliwa. Mazoezi hapana. Misuli inayolegea ni yako."

"Nikitikisika nitakatika."

"Hukatiki. Maumivu ya muda mrefu si lazima yawe na kitu kilichovunjika. Ukilala wiki nyingi, mgongo hukakamaa na kuuma zaidi. Anza kidogo, ongeza polepole. Kuuma kidogo mwanzoni si kuharibika. Sasa niambie: miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu? Mkojo unakuponyoka? Una homa? Unakonda bila sababu?"

"La."

"Ukiona hata moja, usingoje kundi. Njoo hospitali siku hiyo hiyo."

Nyandeng akafikiri sana. "Yaani mgongo unaumia kwa kuinama, halafu dawa yake ni kuinama?"

"Kuinama kwa kipimo."

"Nyinyi watu wa kliniki mna mambo!" Lakini alifungua leso moja.

Jumanne alijikokota hadi ukumbini. Watu kumi na wawili walikuwa wamepiga magoti, mikono chini, kama mbuzi kisimani. Mbuzi wa tatu alikuwa Yar.

"Hata wewe?"

"Mgongo unaniuma mwaka wa tatu huu," Yar alinong'ona. "Umewahi kuuliza kwa nini natembea kama bata?"

Nyandeng hakuwahi kuuliza. Alipiga magoti kando yake. Siku ya kwanza alifanya paka watatu tu, akalalamika kwa wote watatu. Wiki ya pili walikuwa sita. Wiki ya sita alifungua leso ya pili, akaifanya kitambaa cha kichwa.

Siku ya Krismasi mgongo bado ulinung'unika kidogo, lakini haukuwa bwana tena. Nyandeng alibeba msalaba hadi ukingoni mwa laga. Hapo akampa Yar, Yar akauvusha mchangani, akamrudishia ng'ambo. Wazee walishangaa.

Nyuma yao alikuja Malek na ngoma kubwa, amenyooka kuliko waumini wote. Yeye alikuwa amemtangulia Nyandeng kwa mwezi mzima wa mazoezi.