Sahani Zilizosubiri Mwisho wa Mbio

Jioni za Ramadhani, mtaa wetu wa Nyakato hunukia viazi vitamu na uji wa pilipili manga. Sahani zilizofunikwa hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Waislamu wanawapelekea Wakristo, na Wakristo wanawapelekea Waislamu. Na sahani ya jirani hairudi tupu. Huo ndio ustaarabu wetu.

Bingwa wa mambo hayo alikuwa Bibi Ng'washi. Alikuwa na sahani ya bati yenye maua ya buluu. Sahani hiyo ilijua nyumba za mtaa huu kuliko mjumbe. Bibi alifariki mwaka jana, Ramadhani ikiwa inakwisha. Baada ya msiba, sahani yake haikuonekana tena.

Mwanawe, Machibya, aliumia sana. Kila akitoka kazini kiwandani, alikaa mlangoni kwenye kiti cha mama yake. Hakuongea. Hakucheka. Mkewe, Zamda, alimtazama kutoka kwenye cherehani yake, na roho ikamuuma. Lakini huruma peke yake haimwinui mtu kitini.

Ramadhani nyingine ilipokaribia, Zamda alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nkwabi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mzee, baada ya tarawehe watu wanazurura tu. Tuandae mbio za mtaa. Wanaume, wanawake, wazee, wote. Tukimbie kutoka msikitini hadi sokoni, halafu turudi."

"Na magari je? Na bodaboda?"

"Tutaomba kibali polisi, barabara ifungwe kwa muda. Vijana wa bodaboda watasimama kwenye kona na kuwasha taa, watu waone mashimo."

Mzee Nkwabi alicheka. "Umeshapanga yote. Kwangu umekuja kuaga tu!"

Zamda alipoeleza habari hiyo nyumbani, Machibya alikwenda chumbani. Kisha akainama, akavuta raba zake za zamani chini ya kitanda. Akaziosha mwenyewe. Zamda alitoka nje haraka, mumewe asimwone akilia kwa furaha.

Shida ilikuja siku ya mazoezi ya kwanza. Jua lilipozama, sahani zilianza kuingia. Yakaja magimbi. Yakaja maharage ya nazi. Mama Akelo akaleta sato wa kukaanga. Machibya alikula kila kitu.

"Baba, inatosha," Zamda alimwambia.

"Nikatae sahani ya mtu? Wanazileta kwa sababu ya mama. Mama angesikitika."

Maji alikunywa glasi moja tu. Mengine yangekaa wapi? Akaenda kuswali tarawehe, kisha akaanza kukimbia. Hata sokoni hakufika. Alishika tumbo, akatapika. Macho yakaingia giza. Akaanguka chini.

Watu walimbeba hadi nyumbani. Kesho yake Mzee Nkwabi alikuja kumjulia hali. Uso wake haukuwa na kicheko.

"Zamda, mwanangu, mbio ni furaha. Mtu mwingine akianguka, naziahirisha."

Machibya akarudi kwenye kiti cha mama yake.

"Mwili wangu umekataa," alisema. "Niache tu, Zamda."

Maneno hayo yalimtisha Zamda kuliko kule kuanguka. Aliogopa kwamba safari hii mumewe hatainuka tena. Akaenda kumwita Winnie, jirani yao, ambaye ni nesi.

Winnie alikuja na kipimo chake. Akampima Machibya presha na sukari. Vyote vilikuwa sawa.

"Shemeji, jana ulifuturu nini?"

Machibya alitaja. Alitaja, akataja. Winnie akashika kiuno.

"Hiyo ilikuwa futari au harusi?"

Machibya akacheka. Zamda alisimamisha cherehani. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia mwaka mzima.

"Sikiliza, shemeji," Winnie alisema. "Mwili wako haujakataa. Umeuchanganya. Ukishiba sana, damu nyingi inakwenda tumboni kusaga chakula. Hapohapo unaiambia miguu ikimbie. Tena ulishinda bila maji siku nzima."

"Sasa nifanyeje?"

"Fungua kwa maji, tende chache na uji kidogo. Basi. Nenda ukaswali. Ukitoka, kimbia taratibu. Ukimaliza, ndipo ule chakula chenyewe. Maji unywe kidogo kidogo mpaka daku, usiyagide kwa mara moja. Ukiona kizunguzungu, simama, kaa chini, unywe maji. Usione aibu."

Machibya aliinamisha kichwa. "Na sahani za watu?"

Hapo Winnie akakunja kipimo chake. Dawa ya heshima haifundishwi chuoni.

Zamda ndiye aliyejibu. "Hatutazikataa. Zitasubiri! Tutatandika mikeka pale mbio zinapoishia. Kila nyumba ilete sahani yake pale, tule pamoja."

Justa, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni akisikiliza. Uso wake ulibadilika.

"Basi na mimi nina sahani ya kuleta," alisema polepole, akaondoka.

Usiku wa mbio ulifika. Taa za bodaboda ziliwaka kila kona. Kabla ya kuanza, Winnie aliuliza nani ana kisukari, nani ana presha, nani mjamzito. Ambao hawakuwa wamepata ushauri wa daktari wao aliwaomba wakae mikekani washangilie. Ndoo za maji ya kunywa ziliwekwa njiani.

Mzee Nkwabi akapiga filimbi. Mtaa mzima ukakimbia, kanzu, madera na kaptula. Hakuna aliyeanguka.

Machibya alirudi wa mwisho.

"Kawia ufike, mume wangu!" Zamda alipiga kelele. "Kawia ufike!"

Akafika. Jasho lilimtiririka, lakini alisimama wima kwa miguu yake. Justa akamfuata, ameshika kitu kilichofunikwa kwa kitambaa. Akafunua. Ilikuwa sahani ya bati yenye maua ya buluu, imejaa viazi vitamu.

"Mama aliniletea futari kwenye hii sahani," Justa alisema. "Kesho yake akafariki. Kuirudisha tupu nilishindwa. Na ikijaa, sikujua nimpe nani."

Machibya aliipokea kwa mikono miwili. Akakaa mkekani. Akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kisha akachukua kiazi kimoja, akampa Zamda. Kingine akampa Justa. Sahani ikazunguka mkekani, kama ilivyozoea.

Kesho yake jioni, kiti kilikuwa kitupu. Machibya alikuwa jikoni akiosha ile sahani. Aliijaza magimbi ya moto, akaifunika vizuri, akavuka barabara kwenda kwa Justa.