Sauti Iliyotangulia

Kadi ya sauti ndiyo iliyokuwa imebaki. Vingine vyote vya kuunda kompyuta Besi alishaviokoteza: madabodi iliyong'olewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyotupwa, ramu mbili zisizofanana, feni yenye kikohozi, na sanduku lililobonyea ubavuni. Sanduku alilinyoosha kwa nyundo akalipaka rangi ya bluu, maana kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu na mabaki ya makopo hayamkosi.

Jina la Besi alipewa na kwaya, kwa ile sauti yake ya kutoka chini ya sakafu. Mkewe walimwita Chiriku. Huyo akifungua mdomo kuimba, hata waliokuja kanisani kusinzia walikaa sawa.

Sasa Chiriku alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu alitakiwa kupasuliwa, na daktari hakuwaficha. "Kupumua atapumua. Kuimba, hapo siahidi kitu."

Ndiyo maana jua likizama Besi alikuwa mbio mbio kwenye mtaa wa spea kuukuu, wenye vibanda wakishusha milango.

"Si umrekodi kwa simu tu, mzee wa noti za chini?" Mzee Nyaya alimtania huku akifunga kufuli. Huyu ndiye aliyemuuzia karibu kila kipande.

"Simu inameza kila kitu kwa mkupuo. Mimi nataka kila sauti ikae kwenye mstari wake. Yeye ataimba ya kwanza na ya pili, mimi ya tatu na besi. Watu wawili, kwaya nzima."

"Na soda za kwaya mtakunywa wawili!" Mzee Nyaya akacheka, kisha akakuna kichwa. "Kadi sina, ndugu yangu. Jaribu kwa yule mama wa mwisho kule. Ila huyo hapandishi sauti. Itabidi uiname."

Kibanda cha mwisho hakikuwa na taa. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, na chini yake harufu nyingine... kama nywele zilizoungua. Mama mmoja alikaa kwenye kigoda, shingo ameizungushia kitambaa.

"Shikamoo mama. Natafuta kadi ya sauti."

Mama aliinua kidole. Alimpa ishara ainame. Besi akainama.

"Nani anaimba?" Ulikuwa mnong'ono mtupu, kama karatasi inayoburutwa sakafuni.

"Mke wangu."

"Jina lake?"

Akamtajia.

"Na la mama yake?"

Hapo, jamani, mtu aliyelelewa na watu anajua kusimama. Jina la mtu pamoja na la mama yake hayaulizwi na muuza spea. Yanaulizwa na watu wengine kabisa. Besi alijua. Lakini kadi ilikuwa tayari imetolewa, nzuri, miguu yake inang'aa kama haijawahi kuchomekwa, na mama alikuwa anaisogeza mkononi mwake, anairudisha, anaisogeza...

Akataja.

Mama akaiachia kadi. Wakati Besi anageuka, alimsikia nyuma akiyarudia yale majina mawili polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Njiani alitubu kimoyomoyo. Kurudi kuyadai majina yale, hakurudi.

*

Studio yao ilikuwa chumba cha kulala. Godoro lilisimamishwa ukutani ili sauti isirudi. Kompyuta iliingizwa ndani ya kabati la nguo, katikati ya mashati, ili kikohozi cha feni kisiingie kwenye maiki. Watoto walikuwa kwa bibi yao.

Kabla ya kadi ile, wakitegemea sauti ya madabodi yenyewe, kompyuta ilikuwa inachelewa. Chiriku akiimba neno, linamrudia kwenye hedifoni baadaye kidogo, kama mtoto mtundu anayemwigiza mtu nyuma yake. Alikuwa anajikwaa, anacheka, anakohoa.

Sasa Besi alichomeka kadi mpya, akawasha. "Imba, mama watoto."

Akaimba. Macho yakamtoka.

"Haichelewi! Sauti na mdomo ni kitu kimoja."

"Nilikwambia mumeo fundi."

"Fundi wa rangi, usijisahau."

Waliomba, wakala, wakalala na furaha.

Kesho yake jioni mvua ilitishia isinyeshe. Hewa ilikuwa nzito. Chiriku alivaa hedifoni, akavuta pumzi, akaanza ubeti wa kwanza. Katikati ya mstari akanyamaza, akainamisha kichwa.

"Baba watoto... umeweka nini humu?"

"Kwa nini?"

"Inaimba kabla yangu."

"Nani?"

"Mimi."

Besi akachukua hedifoni, akaibana sikioni. Kimya. Feni tu kabatini.

"Ni uchovu, mke wangu. Tupumzike."

"Hapana. Rudisha. Inaimba vizuri kuliko mimi. Haina hili donge."

Akaivaa tena. Besi alipaswa kumvua pale pale. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na sauti iliyotoka kwenye kile kifua mara hii ilikuwa ya siku zile walipokutana: safi, ndefu, haina mkwaruzo. Akaiacha iendelee. Akafumba macho kabisa, akasikiliza kwa raha.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Wimbo ule ulikuwa na beti tatu.

Sauti ikaingia wa nne.

Besi akafumbua macho. Maneno hakuyajua. Hakujua hata ni lugha gani. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa inatoka kabatini, kwenye mashati.

Chiriku alikuwa ameketi wima. Machozi yanamtiririka.

Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Na sauti inaimba.

"Kwa jina la Bwana!" Besi aliruka, akang'oa waya ukutani. Skrini ikazimika. Feni ikasimama.

Sauti ikamalizia mstari wake taratibu, bila haraka. Kisha ikanyamaza.

Chiriku alifungua mdomo kumwita mumewe. Hakikutoka kitu ila mnong'ono. Kama karatasi inayoburutwa sakafuni.

*

Jumatatu daktari alimmulika kooni, akaita mwenzake, wakamulika wote. Uvimbe haukuwepo. Koo lilikuwa kama la mtoto.

"Hakuna cha kupasua hapa," alisema. "Mshukuruni Mungu. Sauti itarudi ikijisikia."

Haikujisikia. Siku zikapita. Chiriku alinong'ona maombi, alinong'ona chumvi iko wapi. Besi hakuweza kula. Jioni moja akamweleza yote: kibanda, majina, na jinsi alivyojua akataja tu.  Mkewe hakumlaumu. Aliinuka, akafungua kabati, akachomeka waya.

Skrini ikawaka. Mstari wa Chiriku ulikuwepo, kama walivyouacha. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao hakuna aliyeurekodi. Ulikuwa unaendelea kurefuka. Maiki ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wake, haijachomekwa popote, lakini mawimbi ya sauti yalikuwa yanapanda na kushuka mbele ya macho yao.

Walishika hedifoni moja, sikio kwa sikio.

"Karibuni, karibuni! Spea zote zipo!"

Sauti ya Chiriku. Nyuma yake pikipiki, watu wakipatana bei. Kisha kicheko ambacho Besi alikijua vizuri, cha Mzee Nyaya.

"Eh, mama! Leo sauti umeitoa wapi?"

"Nimepewa," sauti ikajibu. Ikaanza kuimba.

Chiriku akaibana hedifoni zaidi sikioni.

"Niende nikamlilie," Besi alisema. "Nitampigia magoti."

Mkewe akatikisa kichwa. Alinyoosha kidole kwenye mstari ule unaorefuka, kisha kwenye kitufe cha kufuta.

"Na ikifutika moja kwa moja? Mke wangu, hii ndiyo iliyobaki. Angalau humu tunaisikia."

"Si yangu ikiwa humu," alinong'ona.

Kompyuta ikauliza kama wana uhakika. Besi alimshika mkono. Yeye akautoa mkono wake taratibu, akafumba macho, midomo ikacheza sala fupi.

Akabonyeza.

Kwenye hedifoni wimbo ulikatika kati ya neno, na mtu fulani, mbali, akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kabatini kitu kikalia *tak*. Moshi mwembamba. Harufu ya nywele.

Kimya...

"Baba watoto."

Sauti yake! Nzima, tamu. Besi alimkumbatia, akalia, akacheka, akaanza kushukuru kwa kelele hadi jirani akagonga ukuta. Alijitenga kidogo amtazame usoni.

"Baba watoto, mbona unanikaba?"

Aliitazama ile midomo. Ilikuwa imeshamaliza kusema. Ilikuwa imetulia, imefungwa, na maneno ndiyo kwanza yanakuja.

*

Kanisani walitoa shukrani, na Chiriku akaimba. Waliokaa mbali walisema hajawahi kuimba vile. Waliokaa mbele hawakusema kitu. Jumapili iliyofuata walihamia viti vya nyuma.

Mzee Nyaya alipokutana na Besi barabarani alimwambia yule mama amerudia kunong'ona. "Anakuulizia sana," akasema. "Una nini naye?" Besi alipita njia nyingine kurudi nyumbani.

Yeye Chiriku hajaona tofauti yoyote. Anasimulia, anatania, anaimba akipepeta mchele. Na Besi anapenda mkewe azungumze. Kila jioni humwomba amsimulie siku yake ilivyokwenda. Huchukua vyombo, huinamia karai, humpa mgongo, husikiliza neno kwa neno ile sauti aliyoililia.

"Mbona siku hizi hunitazami nikiongea?" mkewe humuuliza.

"Nakusikia, mke wangu," humjibu, na kusugua sahani iliyokwisha takata. "Endelea. Nakusikia."