Mfalme Aliyerukwa

Hebu fumba macho, mwanangu, uone: jua linazama nyuma ya ukuta wa udongo, moshi umelala juu ya mapaa, nami napanda kwenda hekalu la wafalme wetu waliokufa, mtungi wa pombe ya mtama kifuani. Nimechoka. Nyumbani mtoto Yao, binti wa marehemu kaka yangu, amevimba taya. Hata maji hayapiti.

Sisi wa ukoo wa mfalme twajua: jino likiuma hivyo, kuna mfu mwenye njaa. Kazi ni kujua ni nani.

Mlangoni aliketi mzee. Pekupeku, shavu mkononi. Alinuka udongo mbichi...

"Mjukuu," alinong'ona, "leo siku gani?"

"Siku ya Bing, babu."

"Siku yangu. Nionjeshe kidogo."

"Babu nawe! Hii ni ya wafalme. Ukiionja, nitachinjwa mimi badala ya mbuzi."

Hakucheka. "Haya. Nimezoea."

Ndani, mwaguzi Heng alikuwa akichoma mfupa wa bega la ng'ombe kwa kaa la moto. Aliwataja wafalme waliokufa mmoja mmoja: ni wewe unayemuumiza mtoto? Mfupa ungepasuka, tungepata jibu.

Mfupa haukupasuka.

"Wameisha," alisema, akifuta jasho. "Mfupa mkaidi kama mama mkwe wangu."

"Na yule mzee mlangoni? Anasema leo ni siku yake."

Kaa likamdondoka. Kwetu mfalme akifa hupewa siku moja kati ya kumi za juma letu. Ndiyo jina lake, ndiyo siku ya kulishwa.

"Sijaona mzee," alinong'ona. "Ila... yuko mmoja, wa mwanzo mwanzo. Alitawala muda mfupi. Tulipopanga upya viti vya wafu, tulimruka."

Akaokota kaa. Akamtaja.

Pu!

Ufa ulikimbia mfupa mzima.

Nilitoka mbio na mtungi. Hakuna mtu. Nyayo mbichi tu, zikiteremka kuelekea kwetu.

Nilimimina pombe yote juu ya nyayo hizo. Ardhi ikanywa... kwa sauti.

Nyumbani nilimkuta Yao anakula uji, taya limenywea. Nililia kwa furaha. Kisha akaegemeza shavu mkononi, akanitazama kwa macho yaliyochoka.

"Shangazi, leo siku gani?"

Sasa Yao ni mama mtu mzima, na kila siku ya Bing bado huniuliza. Nami, kwa mikono hii iliyochoka, humimina.

Tafadhali, mwanangu, kumbuka moja tu: ukiwataja waliokutangulia, usimruke aliyekaa kitini muda mfupi.