Kidoti Chekundu kwenye Jina la Jitesh

"Umemuuza kaka yangu," Hetal alisema.

Hakupandisha sauti. Alisimama mbele ya banda letu, simu mkononi, na kwenye simu hiyo kulikuwa na ujumbe wangu. Ndalahwa, mchoraji mwenzangu, aliinuka kitini.

Niseme mapema kwamba kosa lilianzia kwangu. Mimi Modesta ni mchongaji, mmoja wa wasanii saba wenye ghala la sanaa kule Nyakato, Mwanza. Lilikuwa ghala la pamba kabla hatujalipaka chokaa na kuanza kutundika kazi zetu. Ijumaa ile tulikuwa kwenye maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja pale Capri Point, na zamu ya mchana ilikuwa yangu. Njaa ikanizidi, nikaenda kula sato. Niliporudi nikakuta kidoti chekundu kwenye kibandiko cha picha iitwayo "Jitesh". Kwa wasanii kidoti chekundu hakina maelezo mengi, picha imeuzwa. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwa mbwembwe zangu zote:

"Hongereni ghala, Jitesh ameondoka."

Ndivyo tunavyosema, picha ikiuzwa imeondoka. Sikujiuliza ujumbe ule utamfikia nani, na Hetal naye yumo kundini.

Jitesh alikuwa kaka yake Hetal, na ndiye aliyeanzisha ghala pamoja na Ndalahwa. Miezi ishirini nyuma wawili hao walikwenda kisiwani Nansio kuchora, wakachelewa kivuko, wakapanda mtumbwi wa injini kurudi Mwanza, ukapinduka ziwani. Ndalahwa alirudi. Jitesh hakuonekana tena, hata mwili. Mama yao anaitwa Daksha, lakini mji mzima unamwita Mama Jitesh, na baada ya ajali alikataa kuitwa vinginevyo. Hakuruhusu picha ya mwanawe ivikwe shada la maua kama wanavyofanyiwa marehemu kwao, Wahindu. Kila jioni alimwandalia sahani. Baba yao alishafariki zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia.

Ndalahwa alimchora Jitesh ameketi ukingoni mwa mtumbwi, amegeuza uso. Popote ulipokaa bandani, macho yale yalikuwa juu yako. Mimi nikibaki peke yangu niliifunika kwa kanga, na sioni aibu kusema.

Msiba ule ndio uliowaleta karibu Hetal na Ndalahwa, wakapendana kwa siri, maana Mama Jitesh hakuwa amesema hata neno moja na Ndalahwa tangu siku ya ajali. Hetal alikuwa amepanga kumwambia mama yake jioni ileile kwamba anataka kuolewa naye.

"Sijamuuza," Ndalahwa alisema.

"Jana yule bwana wa Dar alipotaka kuinunua, mimi nilikataa. Wewe ulikaa kimya."

"Nilikaa kimya kwa sababu nilitamani aichukue. Inaniangalia, Hetal. Nikiwa natembea inaniangalia, nikiwa nimelala inaniangalia. Lakini kutamani siyo kuuza."

"Ni kaka yangu. Akuangalie."

Nikajaribu kueleza kwamba hata mimi sikumwona mnunuzi, hakuna aliyenisikiliza. Hetal alivua kitambulisho cha ghala shingoni akakiweka mezani.

"Jioni hii nilitaka kumpigia mama magoti kwa ajili yako," alisema. "Sasa nimwambie nini? Kwamba nataka kuolewa na mtu aliyerudi bila mwanae, halafu akamwondoa hata ukutani? Mimi na wewe tumemalizana. Usinitafute."

Nilimwona Ndalahwa akiishika meza kwa mikono miwili. Ndipo simu yake iliyokuwa pale mezani ikaanza kuita, na sote watatu tukasoma jina kwenye kioo.

Jitesh.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kamili.

"Nani huyo?" Hetal aliuliza.

Ndalahwa akaeleza huku ameinamisha kichwa. Simu ile huja kila Ijumaa saa kumi, saa mtumbwi ulipopinduka. Simu yenyewe ya Jitesh ilizama naye, lakini namba inapiga. Upande wa pili hakuna anayezungumza, kuna pumzi tu. Mwanzoni alidhani namba imepewa mtu mwingine. Baadaye akaacha kudhani, akawa anaongea.

"Unamwambia nini?"

"Kila kitu."

Hetal akapokea, akaweka sauti ya nje. Tukasikia pumzi. Kisha mtangazaji wa ukumbi akawakaribisha wageni banda la vikapu, na maneno yake yakatufikia mara mbili, kutoka kwenye spika za darini na kutoka ndani ya simu. Aliyepiga alikuwa karibu yetu.

"Wewe ni nani?" Hetal aliuliza.

"Hetal, ni mimi. Niko barazani, miguu inaniuma. Njoo naye."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Tulimkuta kwenye benchi, ameelekea ziwani, na kikopo kidogo cha chuma mapajani. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Ncha ya kidole chake ilikuwa nyekundu. Hetal alikiona kidole akaelewa kabla yetu, akajifunika mdomo. Ule ulikuwa unga wa kanku, wanaotumia kwenye ibada. Kwao picha ya marehemu huwekwa alama ile kwenye paji la uso.

"Mmemtundika juu mno," Mama Jitesh alisema. "Sikufikia uso. Nikaweka kwenye jina."

Ndalahwa akapiga magoti, na akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu ghalani aliyewahi kulisikia.

"Mama, mimi nilimwachia mkono kule majini."

"Najua. Uliniambia Ijumaa ya pili."

Alifunga kikopo taratibu kabla ya kuendelea.

"Nilichukua laini mpya ya namba yake ili nimpigie mtu aliyemwona mwisho. Sikuwa na maneno, nikanyamaza, ukaongea wewe. Ijumaa ya pili ukasema ulimwachia mkono. Ya tatu nikapiga ili nikulaani. Ukaanza kunisimulia alivyowaamkia wanawake wa sokoni Nansio kwa Kikerewe, wakamwuliza ni mtoto wa nani. Hilo sikulijua. Nikasema nitakulaani wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukaja na jingine."

"Mama," Hetal alianza.

"Ngoja. Ijumaa iliyopita huyu alirudia lile la sokoni. Nikajua habari zimekwisha. Mtu aliye hai habari zake haziishi. Basi mwanangu amekufa, na nimekuja kumwekea alama yake."

Alilia pale benchini, na Hetal akalia naye. Nilitazama viatu vyangu.

Tulirudi ndani, tukaishusha picha. Ndalahwa aliishika, uso wa Jitesh ukiwa sawa na kifua chake. Mgeni mmoja akasogea kuuliza kama imeuzwa.

"Hapana," Hetal alimjibu. "Tunamuaga."

Mama Jitesh akachovya kidole akamgusa mwanawe kwenye paji. Nitasema nilichokiona, nawe uamini upendavyo. Yale macho yakawa rangi tu.

Kisha akachovya tena, akainua mkono, akaweka alama ileile kwenye paji la Ndalahwa. Ndalahwa hakuelewa, akamgeukia Hetal. Ikabidi Hetal amwambie, kwa kigugumizi, kwamba kwao mchumba anayekubaliwa huwekwa alama na baba wa binti, au, baba akiwa hayupo, na kaka yake.

"Habari yenu wawili niliisikia kwenye simu. Kazi hii ilikuwa ya Jitesh," mama alisema. "Nimemfanyia."